Kinachorithiwa kwa Nyanya si Nakshi

Alasiri katika maboma ya Kajiado, kuanzia Entarara hadi viunga vya Kitengela, ndiyo saa ya shanga. Mifugo iko malishoni, maji yameshatekwa, kuni zimeshaletwa, na akina mama wanaketi penye kivuli na makopo yao: shanga nyekundu kwenye mkebe wa majarini, nyeupe kwenye kifuniko cha ndoo, samawati kwenye kipande cha kitambaa. Mara nyingi pana mtoto wa kike kando ya nyanya yake, yule ambaye kwa Kimaa huitwa koko. Mpita njia huona hapo picha ya urithi, mkono mkongwe ukipokeza mkono mchanga nakshi zilizodumu tangu enzi. Na picha hiyo huzaa hofu: kwamba wazee wakiondoka nakshi zitazikwa nao, hivyo zipigwe picha upesi, zichapishwe vitabuni, zitundikwe makavazini. Ni hofu ya watu wenye mapenzi mema, lakini imeelekezwa mahali pasipo. Nakshi za Kimaasai hazijawahi kudumu. Anachompa koko mjukuu wake ni jicho: uwezo wa kutazama mistari ya rangi na kujua, kabla hata ya kupata maneno ya kueleza, kwamba hapa pamekaa na pale hapajakaa. Jicho hilo haliingii kwenye picha, na hupatikana kwa kukaa miaka kando ya mwenye nalo.

Shanga yenyewe ndiyo shahidi wa kwanza. Kioo hiki kidogo kilitengenezwa Venisi, na baadaye kwa wingi Bohemia, eneo ambalo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Kilifika Unguja na Mombasa kwa meli, kisha kikaingia bara vichwani mwa wapagazi. Tumezoea kuambiwa kwamba wageni walileta vikorokoro na wenyeji wakavipokea kwa mikono miwili bila kuchagua. Kumbukumbu za wageni hao zinasema vingine. Henry Morton Stanley, alipokuwa akiandaa msafara wake Unguja mwaka 1871, alihangaika kujua shanga zipi zingepokelewa wapi, kwa sababu nyeusi zilizokuwa sawa na pesa Ugogo hazikuwa na thamani kwingine. Joseph Thomson, aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884, alipofika Taveta ilibidi shanga zake zitungwe upya katika urefu ambao Wamaasai walikuwa tayari kuupokea. Mnunuzi ndiye aliyekuwa akitoa amri, na amri yake ilitokana na jicho. Mtengenezaji wa Ulaya asiyejua wanawake wa Kiafrika walipenda nini mwaka huo alibaki na shehena yake.

Zama hizo pambo kuu la mwanamke wa Kimaasai halikuwa shanga. Lilikuwa waya: chuma na shaba iliyozungushwa shingoni, mikononi na miguuni, nzito kiasi cha kubadilisha mwendo wa mvaaji. Ile kola pana bapa ambayo leo dunia nzima huiona na kusema, huyu ni Mmaasai, ilistawi katika karne ya 20 kadiri shanga ndogo zilivyozidi kupatikana. Hata viungo vyake vimebadilika. Vipande vya ngozi vilivyokuwa vikishikilia mistari isiachane vimepokonywa nafasi na plastiki ngumu inayokatwa kutoka vyombo vikuukuu, na kano zilizotumika kama uzi zimewaachia nafasi nailoni na waya mwembamba. Mwanaanthropolojia Donna Klumpp, aliyeandika tasnifu yake kuhusu sanaa ya Wamaasai katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1987, alionyesha kwamba mitindo huenda na marika. Rika jipya la morani likisimama, wasichana wa wakati huo huleta mpangilio wao wa rangi, na mwenye kujua akitazama pambo anaweza kukadiria ni la wakati wa rika gani. Tena kila olosho, yaani kila tawi la Wamaasai, ina mkono wake. Wakaputiei wa upande wa Kitengela, Wamatapato wa Kajiado ya kati na Wakisongo wa Loitokitok ni Wamaasai wote, lakini mapambo yao hayafanani kwa mwenye kuyasoma. Kama kazi ya koko ingekuwa kupokeza nakshi, basi kila koko katika miaka mia iliyopita ameshindwa, maana hakuna mjukuu anayevaa alichovaa nyanya yake alipokuwa msichana.

Kumbe kinachobaki ni nini, ikiwa malighafi, uzi, umbo na rangi vyote vimebadilika? Watalii huelezwa kwamba nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa, samawati ni mbingu na mvua, kijani ni nyasi. Maelezo hayo si ya uongo, ila kumpa mtu orodha hiyo ni sawa na kumpa kamusi kisha kumwambia atunge shairi. Katika shairi la Kiswahili mshororo una ukwapi na utao, na kati yake kuna mkato. Mtu anaweza kujua kila neno na bado asisikie mkato unapotakiwa kuangukia. Shanga zina jambo la aina hiyohiyo. Klumpp pamoja na Corinne Kratz, anayewachunguza Waokiek walio majirani wa Wamaasai, walieleza katika makala yao ya mwaka 1993 kwamba uwanja wa rangi moja hauachwi kuenea wenyewe. Unakatwa kwa shanga za rangi inayopingana nao. Ukikatwa karibu mno, pambo linakuwa fujo. Ukikatwa mbali mno, linalala. Rangi fulani zinachukuana, nyingine zinadaiana mpatanishi katikati. Sheria hizi hazikuandikwa popote na koko, na akiulizwa pengine atajibu tu kwamba hivi ni vizuri na vile ni vibaya.

Jicho hili halianzii kwenye kopo la shanga. Kimaa kina msamiati mpana wa rangi za ng'ombe, na kila neno hubeba rangi pamoja na mpangilio wake: keri ni mwenye michirizi, arus ni mweusi kwa mweupe wa mabaka, sambu ni mwenye rangi nyingi zilizochanganyikana. Mtoto aliyelelewa bomani anajua ng'ombe kwa rangi zao kama mtoto wa mjini anavyojua matatu kwa michoro yake. Anapokaa kwa koko kujifunza shanga, tayari amezoea kutazama namna rangi moja inavyokatiza nyingine kwenye ubavu wa mnyama. Ndiyo maana nadhani wanaoigawa elimu ya Mmaasai katika mafungu, ufugaji huku na sanaa kule, wanakata mzizi kisha wanashangaa tawi kunyauka.

Tutazame sasa kazi yenyewe, kwa sababu hoja yote iko mikononi. Mtoto huanza na kazi zisizoonekana kuwa kazi: kutenga rangi zilizomwagika pamoja, kuokota zilizodondoka mchangani, kushika ncha ya uzi. Shanga hazilingani unene, hasa zile za bei nafuu zinazotoka Uchina, ambazo watungaji wengi huziweka nyuma ya zile za Cheki kwa sababu hiyohiyo. Mwenye kutenga hujifunza kwa vidole kwamba shanga nene mbili zikifuatana zitasukuma mstari utoke nje. Halafu huja mstari wa kwanza, bangili ndogo, mkufu mwepesi. Kola ni jambo jingine kabisa. Kila duara la nje linahitaji shanga zaidi ya lililotangulia, na plastiki inayoshikilia madaraja hayo lazima itobolewe kwa vipimo sawa. Kosa lililofanywa karibu na shingo halionekani pale lilipofanyika, bali huonekana madaraja manane mbele, kola inapokataa kulala na kuanza kupindika kama ukingo wa bakuli. Mkato wa rangi nao hauna budi kuhesabiwa upya kila duara, ama sivyo pembe tatu iliyokusudiwa kupanuka itapotea njiani. Hesabu hii ni ya kweli. Paulus Gerdes alitumia maisha yake Msumbiji akionyesha jiometri iliyomo kwenye ususi wa vikapu na mikeka, na kola ya Kimaasai ingempa sura nzima ya kitabu.

Katika shughuli hiyo, somo kubwa zaidi ni kufumua. Koko hutazama kazi ya mjukuu, anapitisha kidole, kisha uzi unakatwa na shanga zinarudi kwenye kopo. Hakuna hotuba. Mtoto anaachiwa atafute mwenyewe kilichoharibika, na anarudia mpaka jicho lake linaanza kuona kosa kabla kidole cha mzee hakijafika. Jean Lave, aliyewachunguza mafundi cherehani wa Kivai na Kigola nchini Liberia, aliona mwendo wa namna hiyo: mwanafunzi hukabidhiwa kwanza kazi za mwisho za nguo, kupiga pasi na kushona vifungo, ili aijue nguo nzima kabla ya kuruhusiwa kushika mkasi. Kitabu chake na Etienne Wenger cha mwaka 1991 kilieneza wazo kwamba kujifunza ni kuingia polepole katika kundi la watendaji, kutoka pembeni kuelekea katikati. Koko hahitaji kitabu hicho. Sisi tunaokihitaji ni wale tuliozoea kuamini kwamba elimu ni maelezo, na penye ukimya hakuna mwalimu.

Hapa kuna pingamizi lenye uzito, na linatoka kwa mtafiti anayeheshimika. Patricia Greenfield aliwachunguza wasichana wa Kimaya wanaojifunza kufuma huko Chiapas, Meksiko, kwanza mwaka 1969 na 1970, kisha akarudi mwaka 1991 kwa kizazi kilichofuata. Katika safari ya kwanza mama alikuwa karibu sana, akimwongoza binti hatua kwa hatua, na vitambaa vilifuata mitindo michache iliyokubaliwa. Katika safari ya pili biashara ilikuwa imeingia, mama hakuwa na muda, wasichana walijaribu na kukosea peke yao au kwa msaada wa dada zao, na mitindo mipya ilifurika. Basi mtu atauliza: kama uangalizi wa mzee huzaa marudio na kutokuwepo kwake huzaa ubunifu, kwa nini tumlilie koko? Swali hili halijibiwi kwa kulibeza. Mzee anayekaa karibu mno anaweza kumkaba mwanafunzi, na wapo watungaji wakongwe wasiokubali rangi isiyokuwapo ujanani mwao. Lakini wasichana wa kizazi cha pili hawakuanzia gizani. Walizaliwa katika nyumba zenye mitambo ya kufumia, walitazama tangu wakiwa mgongoni, na walipoachwa wajaribu walikuwa na kipimo ndani yao cha kuwaambia jaribio lipi limefaulu. Mafundisho ya karibu yaliweza kupungua kwa sababu kutazama kwa miaka mingi hakukupungua. Hapo ndipo Kitengela inapotofautiana na kijiji kile cha Chiapas, na ndipo pana hatari yenyewe.

Sheria ya mwaka 1968 iliweka ardhi ya Wamaasai katika ranchi za pamoja, na tangu miaka ya 1980 ranchi hizo zimekuwa zikigawanywa kuwa mashamba ya mtu mmoja mmoja, kisha ploti, kisha nyumba za kupanga. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado. Ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Kitengela imekuwa mji wa viwanda, benki na msongamano wa magari. Mimi siuoni mji huo kama msiba, maana umeleta ajira, hospitali na shule. Lakini boma ambalo nyanya, mama na mjukuu walikaa kwenye kivuli kimoja limegawanyika. Mjukuu yuko nyumba ya chumba kimoja mjini, koko yuko mbali na barabara ya lami. Watakutana likizo ya Desemba, na wiki chache kwa mwaka hazitoshi kumfanya mtoto azoee kutazama. Msichana huyo anaweza kufunzwa namna ya kushika sindano kwa siku tatu katika semina. Atatunga, na atatunga vizuri, maadamu kuna mchoro wa kufuata. Ukimwondolea mchoro atakwama, kwa kuwa kilichotakiwa kumjaa kimyakimya utotoni hakikumjaa.

Wengine watasema nakwepa jambo zito zaidi. Kwa nini msichana akae na shanga badala ya daftari, hasa katika jamii ambako mapambo yalikwenda bega kwa bega na ndoa za utotoni? Wanaouliza hivi wengi wao ni wanawake wa Kimaasai wenyewe, na wana haki ya kuuliza. Shule za bweni za Kajiado zimekuwa kimbilio la wasichana waliotoroka kuozwa. Jina la Priscilla Nangurai, mwalimu mkuu aliyewapokea na kuwatetea, linajulikana nchini kote kwa kazi hiyo. Sitaki koko yeyote anayemrudisha msichana nyumbani kwa kisingizio cha utamaduni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka umri wa miaka 18, na hakuna shanga inayopunguza hata siku moja hapo. Ila ndoa ya mtoto huletwa na wanaume wanaopatana mahari, na kuivunja hakudai kuvunja alasiri za mjukuu na nyanya. Tunao mfano wa nchi iliyovunja alasiri za namna hiyo kwa mpigo mmoja. Wacree wa Kanada walipokea shanga za kioo kutoka kwa wafanyabiashara kama Kampuni ya Hudson's Bay, iliyoanzishwa mwaka 1670, wakazifanya zao kwa maua ya kushonwa kwenye ngozi, kazi ambayo msichana aliipata kwa nyanya yake. Kisha serikali na makanisa wakawachukua watoto na kuwapeleka shule za bweni ambako lugha ya nyumbani ilipigwa marufuku, na za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Leo Wacree wengi wanajifunza shanga wakiwa watu wazima, wakitafuta kwa jitihada kubwa kile ambacho mtoto angekipata kwa kukaa tu. Kwao nyanya huitwa kohkom, jina linalokaribia koko kwa bahati tu ya sauti, lakini msomaji wa Kajiado ataruhusiwa kulisikia.

Kisha kuna fedha. Ukame wa mwaka 2009, na ule mrefu zaidi ulioanza 2020, ulifagia ng'ombe Kajiado, na katika maboma mengi kilichobaki kuingiza shilingi kilikuwa shanga za mama. Serikali ilianzisha mradi wa Ushanga Kenya mwaka 2017 katika kaunti saba za wafugaji, Kajiado ikiwemo, ili wanawake wapate mafunzo na masoko. Anayedharau biashara hii hajawahi kulipa karo kwa bangili. Tatizo ni aina ya kazi ambayo soko huagiza. Oda ikija ya mikufu mia tano inayofanana, ya rangi zilizochaguliwa na mnunuzi aliye ng'ambo, mtungaji analipwa kwa kila kimoja na hukumu yake haihitajiki. Mwenye jicho na asiye nalo wanapata bei moja, na mwenye kasi anawapita wote wawili. Kufumua kunageuka hasara. Koko anayekata uzi wa mjukuu wake katikati ya oda amepunguza chakula cha jioni, kwa hiyo haukati, na mstari uliopinda unakwenda sokoni.

Sheria nayo inalinda kinachoonekana. Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, hatua nzuri iliyokuja baada ya kampuni kubwa za mitindo kuchuma kutokana na sura ya Mmaasai bila kumwomba ruhusa. Louis Vuitton ilionyesha mavazi yenye mfano wa shuka zake katika mkusanyiko wa 2012. UNESCO iliorodhesha mwaka 2018 Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, ibada tatu za wanaume, kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Nafurahi kwa yote mawili. Naona pia kwamba morani hawaingii Eunoto bila shanga, na shanga hizo zimetungwa na akina dada, wapenzi na mama zao, ambao hawakutajwa katika jina la ibada hizo.

Linalowezekana Kajiado si jambo la bajeti kubwa. Mtaala mpya ulioanza kutumika nchini mwaka 2019 umetoa nafasi kwa sanaa na kwa wanajamii kuingia darasani. Koko akialikwa, aalikwe muhula mzima badala ya siku moja ya maonyesho, na alipwe kama mwalimu. Vikundi vya akina mama vinavyopokea oda vinaweza kumdai mnunuzi sehemu ya kazi iachwe wazi, rangi na mkato viamuliwe na mtungaji, na bei ya sehemu hiyo iwe juu. Wanunuzi wapo wanaolipa zaidi kwa kitu kisicho na pacha. Na mama aliyehamia mjini anayeweza kumpeleka binti yake kwa koko likizo zote tatu za mwaka ampeleke zote tatu, akiwa bado mdogo wa kutumwa kuokota shanga mchangani. Kikundi chochote kinapokaa kupanga bei ya kola, kiweke mezani na ile saa ambayo mzee aliitazama kazi ya mtoto, akapitisha kidole kwenye mstari wa sita, akachukua wembe.